Majiko Chini ya Bimu

Ninapoanza kufundisha upimaji kwa kamera, sianzi na kamera. Nawapa wanafunzi kopo la rangi nyeupe, kopo dogo la rangi nyeusi na miswaki ya meno iliyochakaa. Wanapaka kipande cha zege rangi nyeupe, wanaiacha ikauke, kisha wanachovya mswaki kwenye nyeusi na kuukwangua kwa kidole gumba ili vidoti viruke na kutua popote. Anayetangulia hujirushia usoni karibu kila mwaka. Darasa linacheka, naye anacheka, na hofu ya somo inaishia hapo. Nimeona kwamba mtu akishajipaka rangi haoni tena haya kuuliza swali.

Maswali yakianza, ndipo naeleza. Zege ni hodari wa kubeba kitu kinacholikandamiza, lakini ukilivuta ni dhaifu, ndiyo maana tunalitia nondo. Bimu, ile boriti ya zege inayobeba sakafu ya juu, ikizidiwa na mzigo inapinda kidogo, upande wake wa chini unavutwa, ufa unafunguka. Siku hizi unaweza kuisaidia bila kuivunja. Unachukua kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kaboni, cheusi, chepesi kiasi kwamba upepo unaweza kukupokonya, unakigandisha chini ya bimu kwa gundi ya epoksi, na kitambaa kinapokea sehemu ya kule kuvutwa. Lakini kinapokea tu kama kimeshikwa. Kila kitu kinategemea pale zege na gundi vinapokutana, na pale jicho haliingii.

Kwa hiyo tunarusha vidoti juu ya kitambaa na juu ya zege lililo kando yake. Tunapiga picha, tunaongeza mzigo, tunapiga picha nyingine. Kompyuta inatafuta kila kidoti kimehamia wapi. Kama mshiko ni mzima, vidoti vya kitambaa na vya zege vinakwenda pamoja, kama watu wawili waliobeba kitanda kimoja. Ukianza kuachia, vya kitambaa vinateleza kuelekea kwenye ufa na vya zege vinabaki. Mtelezo wenyewe huwa mwembamba kuliko unywele. Ukisimama chini ukakodoa macho utaapa kwamba hakuna kilichotokea.

Naeleza hayo kila mwaka hapa chuoni Njombe, na bado naona raha mwanafunzi anapoelewa. Ila raha yenyewe siku hizi inakatika mapema. Ilianza kukatika Makambako, kwenye bweni la dada yangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa muuguzi mpaka alipostaafu. Katika miaka yake ya mwisho kazini alichoka na jambo moja: kuwapokea wasichana wa kidato cha pili na cha tatu kwenye wodi ya wazazi. Walikuwa wametoka vijijini kuja kusoma Makambako, wazazi wakawapangia vyumba mtaani, yale wanayoyaita mageto, karibu na barabara kuu ambako malori hulala. Dada hakuhubiri. Alikusanya akina mama wenzake, wakaunda kikundi, wakajenga bweni. Mjenzi alikuwa mume wake, shemeji yangu, fundi ambaye nusu ya nyumba za mtaa ule zimepita mikononi mwake.

Jengo lilikuwa la ghorofa moja. Chini kulikuwa na jiko, vyumba vichache na bwalo, juu kulikuwa na vitanda vya nusu ya wasichana. Dada alitaka bwalo lisiwe na nguzo katikati, ili watoto wapate mahali pa kuimba na kusali, na shemeji akamtimizia kwa bimu moja ndefu kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa ghorofa nyepesi waliyoipanga, bimu ile ilitosha. Lakini wasichana waliongezeka, akina mama wakajenga kuta za matofali ya kuchoma huko juu kutenganisha vyumba, na kuta zile zikawa zinakaa juu ya bimu. Baadaye ufa ukatokea katikati, upande wa chini. Dada alinipigia simu, nikaenda, nikaingiza ukucha ndani ya ufa, ukaingia.

“Sema tu,” dada aliniambia.

Nilisema. Likizo ya Juni ikifika, ghorofani pawe patupu, na asirudi mtu mpaka bimu isaidiwe.

Msaada ulipatikana upesi kuliko tulivyotarajia. Shemeji alikuwa amefanya kazi kwenye mradi wa kuimarisha daraja huko mbali, na ndiko alikofundishwa kugandisha kitambaa cha kaboni. Mradi ulipofungwa, mabaki ya kitambaa na gundi walipewa akina mama, na yalitosha bimu moja tu. Mimi wakati huo nilikuwa Makete, upande wa Kitulo, nikisimamia wanafunzi walioko kwenye mafunzo kwa vitendo. Sikuwa na wasiwasi. Shemeji anajua kazi. Alikwangua lipu yote mpaka zege lenyewe likatokea, akalisaga kwa grenda, akapuliza vumbi, akajaza ufa, akapaka gundi ya kwanza, ile nyepesi inayoingia kwenye vitundu vya zege kabla ya kitambaa. Kesho yake akagandisha kitambaa. Nilipokuja kukiona kilikuwa kimenyooka kama shati la Jumapili.

Niliomba kukipima kabla watoto hawajarudi. Dada alikubali mara moja. Shemeji alikubali baada ya kunizungusha kidogo.

“Shemeji,” alisema, ameshika kiuno, “nilipokujengea choo chako kule Njombe hukuja na kamera.”

“Choo hakina watoto juu yake.”

“Kina wewe!”

Akina mama waliokuwa wakimenya maharage mlangoni wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, na yeye akaenda kuniletea ngazi. Alinishikia ngazi muda wote niliokuwa napaka rangi nyeupe na kurusha vidoti. Vilipomdondokea kwenye kofia alisema sasa na yeye apimwe.

Mzigo tuliamua uwe viazi. Msimu ulikuwa mzuri, na kila mama wa kikundi alikuwa na magunia nyumbani. Wazo lilikuwa rahisi: tuweke juu ya sakafu uzito unaolingana na watoto, vitanda na masanduku yao, kidogo kidogo, na kila tukiongeza nipige picha kutoka chini. Tulisimamisha mirunda bwaloni, nguzo nene za mikaratusi zilizofika karibu na bimu bila kuigusa, ili lolote likitokea ikute kitu cha kuipokea. Kamera nikaiweka kwenye stendi yake, imetazama juu.

Shida ilikuwa kwenye magunia. Kila mtu wa huku anajua viazi vinavyofungwa: gunia linajazwa, kisha linaongezewa kilemba juu kwa kamba mpaka linakuwa na kichwa na mabega. Lumbesa. Sikuweza kuyahesabu tu, ilibidi kila moja lipite kwenye mizani.

“Mama, hili si gunia,” shemeji alimwambia mwenye gunia la kwanza. “Hili ni gunia limebeba mtoto mgongoni.”

“Basi mpime na mtoto,” mama akajibu. “Nyie mnaonunua ndio mmetuzoesha.”

“Mwalimu, ukishamaliza kuvipima utatuachia?” mama mwingine akaniuliza.

“Ni vyenu, mama.”

“Ndiyo nauliza, maana wasomi mkishapima kitu huwa hakirudi.”

Siku ile ilikuwa ya furaha, na sioni sababu ya kuisimulia kwa namna nyingine. Wanaume walipandisha magunia huku wakiimba, chai ya tangawizi ilizunguka, na dada alikuwa akienda juu na kushuka chini kama mwenye harusi. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile iliyofuata. Alikuwa amekwisha kufua mashuka ya ghorofani.

Mchana tulikuwa tumefika kwenye uzito wa watoto wote. Bimu ilikaa kimya. Shemeji alichukua nyundo, akagonga kitambaa taratibu kwa mpini, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

“Sikia. Pote kinalia kizima.”

Alikuwa anasema kweli. Kilikuwa kinalia kizima, na kwa macho kilikuwa kizima. Nikakaa kwenye benchi, nikafungua kompyuta. Programu ile inapaka picha rangi: buluu mahali kitambaa na zege vinapokwenda pamoja, nyekundu mahali vilipoteleza. Kwenye picha za asubuhi kulikuwa na alama ndogo nyekundu pale penye ufa, na hiyo sikuijali, karibu kila bimu yenye ufa inayo. Kwenye picha zilizofuata ile nyekundu ilikuwa imeondoka kwenye ufa na kuanza safari. Ilikuwa inakwenda upande mmoja, kuelekea ukutani, na kila tulipoongeza magunia ilisogea. Ile ya mwisho ilikuwa imepita nusu ya njia.

Niliomba magunia yashushwe. Yaliposhuka yote nilipiga picha tena. Kitu kinachovutika kama mpira kingerudi mahali pake. Nyekundu haikurudi. Ilibaki pale ilipofika.

Nilimwita dada kwanza. Akavaa miwani, akatazama kompyuta, akatazama bimu, akatazama kompyuta.

“Mimi sioni kitu pale juu.”

“Hakionekani kwa macho, dada. Kitambaa kimeanza kuachia. Leo kimeachia mpaka hapa. Watoto wakilala juu kitaendelea, na kikifika mwisho, hapa ukutani, kitang'oka kwa mara moja. Hakitakupa dalili kwanza.”

“Kimebeba viazi vyote vile.”

“Kimebeba, na viazi ndivyo vilivyokifungua.”

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu. Alipanda ngazi, akapitisha kiganja juu ya kitambaa chote, akashuka, akaenda kuosha mikono.

Sikuelewa kilichotokea. Gundi ilikuwa nzuri, zege lilisagwa vizuri, mikono ilikuwa ya fundi. Nikamwuliza dada anieleze kazi ilivyokwenda tangu siku ya kwanza, na yeye akanieleza kwa fahari, kwa sababu kulikuwa na sehemu ya akina mama ndani yake.

Siku walipopaka gundi ya kwanza baridi ilikuwa kali, ile ya Juni ambayo asubuhi majani yana barafu. Kwenye kopo la gundi kulikuwa kumeandikwa kwamba isipate baridi kali, la sivyo haitakauka. Shemeji aliwasomea. Na akina mama walifanya kile ambacho mtu yeyote wa huku angefanya. Kila mmoja alitoka kwake na jiko la mkaa. Waliyawasha nje kwanza, kama tunavyofanya sote, wakasubiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo wakayaingiza bwaloni na kuyapanga chini ya bimu kwa mstari. Madirisha wakayaziba kwa mablanketi. Juu ya majiko wakabandika masufuria ya maji, wasipoteze moto bure. Wakatoka, wakafunga mlango, na waliporudi bwalo lilikuwa na joto kama tumboni mwa kuku. Asubuhi gundi ilikuwa imekauka. Shemeji aliigusa, ikawa ngumu, akagandisha kitambaa juu yake.

“Hata wewe ungetusifu,” dada alisema.

Ni kweli, pengine ningewasifu. Tumelelewa kuogopa moshi. Moshi ukishaisha tunaamini jiko limekuwa salama, tunaliingiza ndani likae nasi kama mmoja wa familia. Lakini mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa hewa isiyoonekana, na masufuria yale yalikuwa yanatoa mvuke. Hewa ile na mvuke ule vinapokutana na gundi ambayo haijakomaa, vinaifanyia utando mwembamba juu, kama mafuta yaliyoganda kwenye mchuzi wa jana. Ukigusa kwa kidole kigumu cha fundi huwezi kuusikia. Gundi ya pili na kitambaa chake havikushika gundi ya kwanza. Vilishika utando.

Na utando ule unaondoka kwa maji ya moto na sabuni. Maji ya moto yalikuwepo, yalikuwa yanachemka chini ya bimu yenyewe.

Sikutaka waniamini kwa maneno. Niliwaomba dada na shemeji waje Njombe chuoni. Nilikuwa nimepaka gundi ya kwanza kwenye vipande viwili vya zege, vyote nikavipasha joto kwa jiko na sufuria ndani ya kibanda kilichofungwa. Kimoja nilikiacha kama kilivyo. Kingine nilikiosha kwa sabuni, nikakikausha, nikakipiga msasa kidogo. Kisha vyote nikavigandisha utepe wa kitambaa uliokatwa kwenye vipande vidogo vilivyombakia shemeji. Siku ile walipofika nilivipaka vidoti na kuvifunga kwenye mashine ya kuvuta, kamera ikitazama, na nikamwomba shemeji azungushe mkono wa mashine mwenyewe.

Kwenye cha kwanza, kisichooshwa, ile nyekundu ya kompyuta ilikimbia. Utepe ulitoka wote bila kelele, kama ganda la kidonda kilichopona. Kile kilichooshwa kilikaa buluu muda mrefu. Shemeji alizungusha mpaka akakunja uso, na kilipotoka kilitoka kwa mshindo, kimeng'oa vipande vya zege na kokoto zake.

“Mshiko mzuri hutoka na zege,” nilisema. “Huu umekataa kuliacha.”

Shemeji aliokota ule utepe wa kwanza, akaugeuza, akausugua kwa kidole gumba. Upande wake wa chini ulikuwa unang'aa, hauna hata chembe ya zege.

“Sabuni,” alisema.

“Sabuni, shemeji.”

“Hii hii ya kipande?”

“Yoyote.”

Alicheka, ila hakikuwa kicheko cha kwenye choo na lumbesa. Kule darajani, alisema, walikuwa wakifanya kazi kiangazi, kusini kwenye joto, hakuna aliyewahi kuleta jiko, kwa hiyo hakuna aliyewahi kutaja sabuni. Akauweka utepe juu ya meza, akaunyoosha, akatoka nje.

Dada alibaki amekaa. “Kwa hiyo ni sisi,” alisema. “Ni majiko yetu.”

Nikaanza kumweleza. Joto lenyewe halikuwa kosa, gundi ilihitaji joto kweli, wangekuwa na taa za umeme au wangeacha dirisha wazi kidogo, au wangeosha tu asubuhi...

“Usinifundishe sasa hivi, mdogo wangu.”

Ni mara chache nimeambiwa hivyo, nikaanza kuokota kokoto zilizodondoka chini ya mashine.

Kitambaa kikishalowa gundi hakigandishwi mara ya pili, kingine hakikuwepo, na mradi uliokitoa ulikuwa umekwisha. Kubomoa kuta za juu peke yake kusingeitosha bimu iliyokwisha kupasuka, na kuacha ile mirunda idumu haikuwezekana. Mikaratusi inafaa kushikilia jengo wakati wa kazi, mimi mwenyewe nisingekubali watoto walale mwaka mzima juu ya miti iliyosimamishwa kwenye sakafu ya kifusi. Nguzo ya zege katikati ya bwalo ingemaliza tatizo, lakini inataka msingi wake, na chini ya sakafu ile kulikuwa na shimo la zamani lililojazwa taka za ujenzi. Ingewezekana, ila si kabla ya shule kufunguliwa, wala si muhula ule.

Akina mama walikutana bwaloni, chini ya bimu yenyewe. Nilieleza tena, kwa picha, polepole, nikirudia kila aliponiomba mtu. Baadhi walielewa. Mama mmoja, yule wa gunia lenye mtoto, aliinuka.

“Mwalimu, mimi sijasoma, lakini nina macho. Viazi vilikaa pale juu, bimu haikuanguka. Watoto wetu ni wazito kuliko viazi?”

“Si wazito zaidi, mama. Ila viazi vilikaa siku moja na havirukiruki. Na kila siku mtelezo utaongezeka kidogo.”

“Na tukiwaambia wasirukeruke?”

Watu walicheka, naye akakaa, lakini alikuwa anauliza kwa dhati. Alikuwa anatafuta mlango wowote. Wote walikuwa wanautafuta, na mimi ndiye niliyekuwa naufunga kila walipoupata.

Dada ndiye aliyeamua. Ghorofani pafungwe. Chini wabanane wanaoweza, wa kidato cha kwanza kwanza, na waliobaki wazazi wao waambiwe getini siku ya kufungua. Alisema hivyo akiwa amesimama, kisha akaenda kukunja yale mashuka.

Bimu ile haijaanguka mpaka leo. Anayetaka kuniumiza hunikumbusha hilo, na yuko mmoja kila ninapokwenda Makambako. Haijaanguka kwa sababu hakuna anayekaa juu yake, lakini jibu hilo halina nguvu mbele ya mtu anayetazama bimu iliyosimama. Nimefundisha miaka mingi kupima kitu kabla hakijavunjika. Sikuwahi kuwafundisha wanafunzi, wala sikujua mwenyewe, kwamba ukikipima vizuri na ukasikilizwa, hutakuwa na kitu cha kuonyesha. Shemeji hajagandisha kitambaa tena. Akinikuta kwao ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za wanafunzi, kisha anakumbuka kazi fulani nje.

Siku ya kufungua shule nilikwenda kusimama na dada getini. Sikuona haki yeye abaki peke yake kueleza kitu nilichokigundua mimi. Wazazi walifika tangu asubuhi, wa Ilembula, wa Wanging'ombe, wengine wamekuja na bodaboda zenye masanduku. Wengi walimsikiliza dada, wakanung'unika, wakaenda mtaani kutafuta vyumba. Nilikuwa nawaona wanavyoelekea kule kule kwenye barabara kuu. Dada alikuwa anawaona pia, na hakuwa anageuza uso.

Saa za mchana alifika baba mmoja kutoka Matembwe na binti yake wa kidato cha tatu. Godoro lilikuwa limefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Alitusalimia, “Kamwene,” akavua kofia ya baridi, akasikiliza.

“Mwalimu, imeanguka?” aliniuliza.

“Haijaanguka, baba.”

“Imepasuka?”

“Ilikuwa na ufa, ukazibwa.”

“Sasa?”

Nikamwomba aingie bwaloni, nikamwonyesha. Nilimweleza habari ya mshiko, vidoti, majiko, na ile nyekundu ilivyokuwa inasogea. Yeye anapasua mbao, aliniambia, na aliuliza maswali ya mtu anayejua vitu vinavyoachia: gundi inashika vipi kwenye kitu chenye mafuta, ubao ukianza kuchanika unaweza kujua utaishia wapi. Sikumpunguzia kitu, wala sikumwongezea. Alitazama juu, kisha akamtazama binti yake.

“Nimeelewa,” alisema. “Hapa hawezi kulala.”

“Hawezi.”

“Na mtaani?”

Sikuwa na kipimo cha huko. Dada ndiye aliyemjibu. Alimwambia kweli yote, kama muuguzi anavyomwambia mtu.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia ndoo yenye vitabu. “Mimi nitalala hata jikoni,” alisema. “Nitalala chini ya meza.”

“Jikoni kumejaa, mwanangu,” dada akamwambia. “Na chini ya meza kumejaa.”

Yule baba alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hajawahi kuelezwa kitu na mtu wa chuo akakielewa hivyo, na kwamba Mungu anibariki kwa kumwokolea mtoto. Kisha akamwambia binti apande, akaweka ndoo mapajani mwake, akaangalia kama mpira wa godoro umekaza, na wakageuza pikipiki kuelekea walikotoka.

“Atamrudisha muhula ujao?” nilimwuliza dada.

Dada alikuwa anamtazama mzazi mwingine aliyekuwa anakuja.

“Nyumbani kwao mbao zina kazi nyingi,” alisema. “Nenda kanywe chai, huyu nitamweleza mimi.”